Chuo cha kompyuta hakichaguliwi kwa kutazama lango lake



Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakishatangazwa, mitaa yetu hugeuka myeupe kwa pauda. Aliyefaulu hupakwa kichwani na mabegani, mama zake huimba, majirani hucheza, pikipiki hupiga honi hadi usiku. Furaha hiyo ni halali kabisa. Lakini pauda ikishaoshwa, yanaanza majuma machache ambamo familia nyingi hufanya uamuzi mzito kuliko mingine yote, na huufanya kwa haraka kuliko mingine yote: mtoto asome nini, na asomee wapi.

Katika miaka hii, jibu ninalolisikia mara nyingi katika vikundi vya vijana ni neno moja: informatika. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa kwamba dunia sasa ni ya kompyuta. Ukiuliza katika chuo gani, unatajiwa chuo chenye jengo jipya la ghorofa, au kile alichosoma mtoto wa jirani, au kile ambacho tangazo lake lilipita redioni juzi. Wiki mbili baadaye shamba limeuzwa, au ng'ombe, au mama amechukua deni katika chama cha akiba, na sehemu ya kwanza ya minervali imelipwa.

Fedha hiyo si ya kijana peke yake. Imo jasho ya baba, imo zamu ya kusoma ya mdogo wake wa kike ambaye ataambiwa asubiri mwaka mmoja, umo mchango wa mjomba ambaye naye ana watoto. Ndiyo maana nasema kuchagua chuo ni jambo la haki kabla ya kuwa jambo la ndoto. Bwana Yezu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, anamtolea mfano mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye inampasa kwanza aketi na kupiga hesabu. Tunausoma mfano huo kanisani na kuuelewa vizuri sana. Tukitoka nje, tunakwenda kulipa minervali bila kuketi.

Nianze na jambo linalotangulia chuo chenyewe, yaani somo. Vijana wengi wanaosema informatika wanafikiria kutumia mashine: kuandika barua, kutengeneza kadi za harusi, kupanga picha, kufungua kurasa za intaneti. Hizo ni kazi njema, na wengi huzipatia riziki katika vile vibanda vya sekretariati ya umma vilivyopangana mbele ya vyuo na ofisi za serikali. Lakini kazi hizo hufundishwa kwa miezi mitatu. Kijana asiye na hamu ya zaidi ya hapo hana sababu ya kutumia miaka mitatu na mali ya ukoo. Ni afadhali afanye mafunzo mafupi, anunue printa, aanze kazi. Nasema hivi bila dharau. Kinachonisikitisha ni kumkuta mwenye shahada ya informatika katika kibanda hicho, akifanya kazi ileile ambayo angeifanya bila shahada, huku nyumbani wakidai deni ambalo halijalipwa.

Informatika yenyewe ni elimu ya kufikiri kwa mpangilio, na mama yake ni hesabu. Wacha nitoe mfano kutoka ofisi ya parokia. Chukueni daftari la ubatizo lenye majina 1,000 yaliyoandikwa kwa kufuata tarehe. Mtu anakuja kuomba cheti kwa ajili ya ndoa, naye hajui alibatizwa mwaka gani. Katibu atafungua ukurasa wa kwanza na kusoma jina baada ya jina. Akiwa na bahati mbaya, atayasoma yote 1,000. Sasa fikirini kwamba majina hayohayo yamepangwa kwa alfabeti. Katibu anafungua katikati na kujiuliza: jina ninalolitafuta liko mbele au nyuma ya hili? Nusu moja inaachwa. Anafungua katikati ya nusu iliyobaki, anauliza tena, anaacha nusu nyingine. Kwa hatua zisizozidi 10 amelifikia jina. Na tazameni ajabu yake: majina yakiwa 1,000,000, hatua zinakuwa 20 tu.

Aliyeufurahia mfano huo, akataka hata kujua kwa nini ni 20 wala si 10,000, huyo ana mbegu ya somo hili. Aliyechoka kabla ya kuumaliza ajichunguze kwa utulivu. Hakuna dhambi katika kupenda uuguzi, sheria au kilimo. Wapo wanaosema kwamba asiyetoka katika seksheni ya hisabati na fizikia asithubutu kugusa informatika. Sikubaliani nao. Nimewaona vijana wa seksheni ya pedagojia na ya biashara wakifaulu vizuri. Ila hao wanahitaji chuo kinachokubali kuwarudisha nyuma kidogo, kiwape hesabu walizozikosa kabla ya kuwapeleka mbele. Waulize hilo siku ya kwanza, kwa maneno wazi: mwanafunzi aliyetoka pedagojia mnamsaidiaje katika hesabu? Chuo kinachojibu kwamba hakuna shida, kila mtu anaweza, hakijawahi kulifikiria swali hilo.

Tena, jina informatika linaficha nyumba zenye milango mingi. Kwetu Kongo, mlango unaofunguliwa na vyuo vingi ni informatika ya usimamizi, ambamo kompyuta inachanganywa na uhasibu na uendeshaji wa mashirika. Mwingine ni mitandao na mawasiliano, wa wale wanaounganisha mashine na kuzilinda. Mwingine ni uundaji wa programu. Kijana anaweza kuingia mlango mmoja akidhani ameingia mwingine, na kugundua hilo mwaka wa pili, wakati kurudi ni ghali. Ombeni orodha ya masomo ya miaka yote, pamoja na idadi ya saa za kila somo. Katika orodha hiyo tafuteni hesabu, algoritimu, muundo wa data, mifumo ya uendeshaji, hifadhidata, mitandao, na lugha za programu zinazofundishwa kwa vitendo. Kama nusu ya orodha ni masomo ya jumla, na somo la kuandika hati kwa kompyuta limepewa saa nyingi kuliko algoritimu, basi mmeletewa kozi ya sekretariati iliyovishwa joho.

Baada ya hapo nendeni kwenye chumba cha mashine. Nasema nendeni, kwa miguu yenu, siku ya kazi, si siku ya maonyesho. Lango zuri hujengwa mara moja, nalo linaonekana kutoka barabarani. Chumba cha mashine kinadai gharama kila mwezi, na aliyeko barabarani hakioni. Hesabuni mashine zinazowaka, si zile zilizofunikwa kitambaa. Ulizeni mwaka wa kwanza una wanafunzi wangapi. Ikiwa ni 200 kwa mashine 15, pigeni hesabu wenyewe mwanafunzi mmoja atagusa kibodi dakika ngapi kwa wiki. Ulizeni umeme ukikatika inakuwaje: kuna jenereta, kuna sola, nani ananunua mafuta, na je, jenereta hiyo inawaka kwa ajili ya maabara au kwa ajili ya ofisi ya katibu mkuu tu? Ulizeni pia ni nani anayeshika ufunguo. Hili la ufunguo linaonekana dogo, lakini nimejifunza kulipa uzito. Kuna shule zenye mashine nzuri ambazo hufunguliwa wageni wanapokuja, kisha zinafungwa ili zisiharibike. Mashine isiyoharibika kwa sababu haiguswi haijamfundisha mtu kitu.

Ombeni pia kuona kazi za mwisho za wanafunzi waliomaliza. Katika maktaba za vyuo vyetu utakuta rafu nzima ya kazi zenye kichwa kimoja: kuunda mfumo wa kusimamia wagonjwa katika hospitali fulani, kusimamia wanafunzi katika shule fulani, kusimamia bidhaa katika duka fulani. Jina la hospitali linabadilika, kurasa zinabaki zilezile, hata makosa ya tahajia yanarithiwa kwa uaminifu kama mapokeo ya mababu. Msicheke sana, ulizeni swali moja: programu hiyo iko wapi leo, na nani anaitumia? Chuo kinachoweza kuwapeleka kwenye zahanati moja tu, ambako muuguzi anatumia kila siku kazi ya mwanafunzi wake, kimewaonyesha jambo ambalo tangazo la redio haliwezi kuonyesha.

Hapa nafika kwa walimu. Mimi nilisomea ualimu, kwa hiyo jambo hili naliona kwa jicho la mtu wa ufundi huo. Katika nchi yetu vyuo vingi, hasa vya mikoani, huishi kwa maprofesa wageni. Anakuja kwa ndege au kwa gari, anafundisha somo lote kwa siku chache, asubuhi hadi jioni, anaacha silabusi inunuliwe, anatoa mtihani na kuondoka. Simlaumu, anatafuta mkate, na bila yeye huenda somo lisingefundishwa kabisa. Kwa somo la historia au la sheria mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuokoa kitu, akabaki na vitabu na kuvisoma polepole. Lakini kuandika programu hakufundishwi hivyo, kama vile kupiga ngoma ya Misa hakufundishwi kwa siku tano mfululizo kisha mwalimu akapotea. Ni ujuzi wa mkono na wa akili kwa pamoja. Unahitaji kujaribu, kushindwa, kulala, kurudi kesho na kosa lako, na kumkuta mtu wa kukuuliza: mstari huu ulitaka ufanye nini? Katika ualimu tunafundishwa mapema kwamba muda ulio kati ya somo na somo nao ni sehemu ya somo. Chuo kinachobana saa 60 za programu katika wiki moja kimeuza somo, hakijalifundisha.

Kwa hiyo swali la kuuliza si maprofesa wenu ni wangapi. Swali ni hili: ni nani yuko hapa Jumanne mwezi wa tatu, wakati programu yangu inagoma? Mara nyingi jibu zuri ni msaidizi kijana, asiye na cheo kikubwa, anayekaa na wanafunzi hadi jua linapozama. Chuo chenye wasaidizi watatu wa namna hiyo nakithamini kuliko chuo chenye majina kumi makubwa ukutani na hakuna mtu korido mchana.

Juu ya karatasi nitasema kwa ufupi, maana hapa hakuna falsafa. Mfumo wa zamani wa gradua ya miaka 3 na lisansi ya miaka 2 umeachia nafasi mfumo wa LMD: lisansi ya miaka 3 yenye krediti 180, masta ya miaka 2 yenye krediti 120, kisha udaktari. Chuo kinachoandikisha wanafunzi wapya leo na bado hakiwezi kueleza krediti zake, kikimbieni. Ombeni kuona nakala ya hati iliyokiruhusu kufundisha, na mtazame kama hati hiyo inataja informatika, kwa sababu chuo kinaweza kuruhusiwa kufundisha uchumi na afya, kisha kikafungua informatika kwa sababu watu wanaipenda. Kwa vyuo vya binafsi ulizeni diploma za waliomaliza zimeshathibitishwa na wizara hadi mwaka gani. Wizara imewahi kufunga vyuo ilivyoviona havistahili, na siku hiyo anayebaki barabarani na karatasi zake ni mwanafunzi. Wanaofikiria Kigali au Kampala waongeze maswali mawili: diploma hiyo itapewa ulinganifu na wizara yetu kwa njia gani, na je, kijana yuko tayari kusoma hesabu kwa Kiingereza wiki ya kwanza? Wapo waliovuka mpaka na wamerudi mabingwa. Wapo pia waliotumia mwaka mzima wa fedha ya familia kwa kujifunza lugha ambayo wangeweza kuianza nyumbani.

Sasa niguse jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulisoma katika ukurasa huu. Wazazi wengi wa jumuiya zetu huniambia: katekista, sisi tunampeleka mtoto chuo cha Kikatoliki, basi. Wanasema kana kwamba neno hilo linamaliza maswali yote. Naelewa chanzo cha imani hiyo. Kanisa limefanya kazi kubwa ya elimu katika nchi hii. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa Kinshasa mwaka 1954, serikali ikakichukua mwaka 1971 na kukiunganisha na vingine kuwa chuo kimoja cha taifa, hadi mwaka 1981 vilipotenganishwa tena kuwa vyuo vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Mwaka 1989 vikazaliwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu na kile cha Graben huko Butembo, mbali na mji mkuu, katika mikoa iliyohitaji sana. Mwaka uliofuata Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa hati yake juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex corde Ecclesiae, ambamo chuo kinatazamwa kama mahali pa kuutafuta ukweli kwa bidii, bila kuuogopa. Urithi huo ni wa kujivunia.

Lakini msalaba juu ya lango ni ahadi. Hauthibitishi bado kwamba ahadi imetimizwa. Tena ahadi hiyo inatupa haki ya kudai zaidi, si kidogo. Ikiwa chuo cha Kikatoliki kina mashine 15 kwa wanafunzi 200, msalaba hauongezi mashine ya kumi na sita. Na ikiwa chuo cha serikali, au cha ndugu zetu Waprotestanti, kina maabara iliyo wazi na wasaidizi wanaokaa, mzazi Mkatoliki anayempeleka mtoto huko hajaliacha Kanisa. Mjini kuna parokia, kuna kikundi cha wanafunzi Wakatoliki, kuna Misa. Kijana aliyelelewa vizuri katika Kizito-Anuarite au katika Xaveri haendi chuoni kubatizwa upya, anakwenda kusoma. Najua baadhi ya mapadri wetu hawatapenda mistari hii. Nawaomba wafungue maabara, nami nitakuwa wa kwanza kuwapelekea wanafunzi.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo kwalo chuo chochote, chenye msalaba au kisicho nao, lazima kipimwe bila huruma, nalo ni usafi wa pointi. Tusizungumze kwa mafumbo. Katika baadhi ya vyuo pointi zinauzwa. Zinauzwa kwa fedha, zinauzwa kwa kulazimisha silabusi, na kwa mabinti zetu zinauzwa kwa mwili. Kila mmoja wenu anajua dada, binamu au mwana-kikundi aliyeambiwa na mwalimu aje kuona karatasi yake ya mtihani mahali pasipo ofisi. Wazazi huchagua chuo cha karibu ili kumlinda binti, kisha hawaulizi lolote juu ya watu atakaowakuta ndani. Ulizeni. Je, kuna mahali pa kupeleka malalamiko pasipo mkononi mwa yule anayelalamikiwa? Je, karatasi za mtihani husahihishwa zikiwa na majina au na namba? Je, mwanafunzi aliyeomba kusahihishiwa upya alipata jibu kwa maandishi? Msiwaulize wakubwa wa chuo peke yao. Waulizeni wasichana wa mwaka wa tatu, na msichana wa kikundi ndiye aulize, wakiwa peke yao.

Mtu anaweza kusema: hayo ni ya maadili, na sisi tunazungumza juu ya kompyuta. Tazameni basi mtu wa kompyuta anashika nini mkononi. Yeye ndiye mwenye nywila ya akaunti za benki, ya mishahara ya walimu, ya majalada ya wagonjwa, ya orodha ya bidhaa kwenye forodha. Akitaka kufuta mstari mmoja usiku, nani atamwona? Mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa. Aliahidiwa fedha ili aache chakula kilichoharibika kiingie sokoni, akakataa, akauawa mwezi wa saba mwaka 2007 akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Kazi kama yake leo hufanywa kwa kiasi kikubwa mbele ya skrini. Kijana aliyenunua pointi za hifadhidata mwaka wa pili, siku atakapoahidiwa fedha ili abadilishe tarakimu, tayari atakuwa ameshajua bei.

Turudi kwenye mfuko. Minervali inayotangazwa ni sehemu tu ya gharama, na chuo chenye heshima kitawaambia nyingine bila kuzungushwa: silabusi, maombi ya mtihani, staji, siku ya kutetea kazi ya mwisho. Ongezeni kodi ya chumba, chakula, usafiri, na mega za intaneti, ambazo kwa mwanafunzi wa somo hili si anasa. Ongezeni kompyuta ya mkononi. Wazazi huniuliza kama ni lazima. Ndiyo, ni lazima, lakini si lazima iwe mpya. Kompyuta iliyotumika, yenye kumbukumbu ya kutosha na betri inayovumilia giza la jioni, humtosha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hasa akiwekewa Linux, ambayo ni bure. Lugha za programu zinazofundishwa, kama Python na Java, nazo ni bure. Nikilazimishwa kuchagua kati ya chuo ghali bila kompyuta nyumbani na chuo cha bei ya kati pamoja na kompyuta nyumbani, sitafikiri mara mbili.

Wengine mtaniambia: katekista, mji wetu una vyuo viwili tu, na vyote viwili vimeanguka katika maswali yako. Huko Kivu wapo hata wasioweza kusafiri kwenda mji wa jirani, kwa sababu ya vita na barabara, na miaka yao ya masomo imekatwakatwa. Sina jibu jepesi kwa hao, wala sitawadanganya. Ninaweza kuwaambia kwamba chuo cha ualimu, ambacho vijana hukitazama kwa kukunja pua, wakati mwingine kina hesabu na fizikia nzuri kuliko vyuo vya informatika vilivyoota juzi. Na mwenye hesabu imara hujifunza programu kwa haraka kuliko anavyojifunza hesabu mwenye programu tu. Nafasi ya ualimu si jela. Ninaweza kuwaambia pia kwamba maktaba nzima za elimu hufunguka bila intaneti kwa programu kama Kiwix, ikishapakuliwa mara moja na kupitishwa kwa flashi.

Baadhi yenu mtanitajia Mtakatifu Carlo Acutis, yule kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, ambaye alijifunza kompyuta mwenyewe na kutengeneza ukurasa juu ya miujiza ya Ekaristi. Picha yake imeanza kuonekana katika kumbi zetu za parokia, na nafurahi. Lakini msimtumie kama hoja ya kusema chuo hakihitajiki. Carlo alikuwa na kompyuta nyumbani, na nyumba yenye umeme. Alichotuachia cha kuiga ni ukaidi wake mwema wa kukaa na kitu kigumu hadi akielewe. Huo unahitajika chuoni na nje ya chuo.

Namaliza kwa pendekezo kwa vikundi vyenu. Kutembelea vyuo kwa familia mojamoja ni ghali, na mzazi aliyevaa nguo za shamba hapokelewi kama anavyostahili kwenye ofisi za watu wenye tai. Basi nendeni kama kikundi. Chagueni wanne au watano, wasichana na wavulana, mmoja wao akiwa anajua kidogo mambo ya kompyuta, paroko awape barua yenye muhuri. Muhuri wa parokia bado unafungua milango kwetu. Waende kabla ya mtihani, mwezi wa nne au wa tano, wakati hakuna anayewavizia kwa fomu. Waandike katika daftari moja walichokiona: mashine ngapi ziliwaka, nani alikuwepo, hati ipi walionyeshwa na ipi walikataliwa, wanafunzi wa mwaka wa tatu walisema nini. Waandike tarehe, kwa sababu chuo hubadilika, kwa wema na kwa ubaya. Wawatafute pia waliomaliza miaka miwili iliyopita na kuwauliza wanafanya kazi gani sasa.

Daftari hilo likae ofisini kwa parokia, karibu na lile la ubatizo, na mzazi yeyote, awe Mkatoliki au la, aruhusiwe kulisoma. Parokia tatu za mji mmoja zikiandika kila mwaka na kubadilishana madaftari, vyuo vyenyewe vitajua. Nadhani kuna wakuu wa vyuo ambao, wakisikia kuna daftari la namna hiyo, watakwenda kuutafuta ule ufunguo wa maabara.